Shule Si Dala ya Mtu

Atieno nyathina, mwanangu,

Salamu nitaziruka. Uko chumba cha pili, nakusikia ukipiga pasi na kusonya, na mtu hamsalimii mtu anayemsikia akisonya. Ningeweza kuja nikae kwenye kitanda chako nikuambie haya kwa mdomo. Lakini wewe mwenyewe ulisema asubuhi, mbele ya Nyar Gwassi, mama yako mdogo, "Baba, leo usinihadithie kitu." Sasa sihadithii. Naandika. Mimi shule niliiacha darasa la saba, lakini mwandiko wangu ulisifiwa mpaka Mbita. Wageni wakija, mwalimu mkuu alikuwa ananiita mimi niandike ubaoni, si walimu.

Tena kwa mdomo nina shida unayoijua. Neno langu likitoka nyumbani na ng'ombe mmoja, linafika sokoni na ng'ombe saba. Kwa kalamu natembea polepole kwa sababu mkono unauma, na mtu mwenye maumivu hana nguvu ya kuongeza.

Mambo ya chandarua, ya sweta, ya kuchemsha maji, mama yako mdogo ameyasema tangu Jumapili mpaka kuku wanayajua. Nayaacha. Nataka kusema juu ya ule mkutano wa Ogwedhi. Usikunje hii karatasi. Soma kwanza.

Najua ni kwa sababu yangu kesho unapanda kule na uso huo. Ungekuwa unaenda kuchimba msingi wa shule uliyoichora mwenyewe, wewe mtoto wa kwanza wa ukoo huu kusomea kusanifu majengo. Badala yake unaenda kuomba. Jumamosi utasimama tena mbele ya kamati, na wakiikataa ramani yako watamwita yule kontrakta wa Migori mwenye kofia nyeupe awajengee ghorofa katikati ya njia ya ng'ombe, na wewe utarudi hapa Rusinga na begi lako. Hayo nayajua. Najifanya sijui, napita nje nikipiga mluzi, lakini nayajua.

Ulinialika kwa heshima. Ulisema, "Baba, wazee wa kule hawatanisikiliza kama sina mtu mzima nyuma yangu. Njoo ukae tu." Ukae tu! Kumwambia Onyango akae tu ni kama kuwaambia sami, wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, wasiende kwenye taa. Nikavaa lile koti la harusi. Nikapaka viatu rangi mpaka ukaniuliza kama ninaenda kuposa.

Na uliongea vizuri, mwanangu. Ulitandaza ramani kwenye meza ya kanisa, ukaweka mawe pembeni isipeperuke. Madarasa marefu, ya chini, yakifuata mgongo wa kilima kama ng'ombe aliyelala. Katikati uliacha pengo pana, ng'ombe wanaoshuka soko la Ogwedhi wapite palepale walipozoea kupita, na watoto wawaone kutoka barazani, huku na huku. Kuta za mawe ya pale pale. Mabati ya rangi ya udongo, yasiyomchoma mtu macho. Chini ya mabati, mikeka ya mafunjo, mvua isije ikameza sauti ya mwalimu. Madirisha yanaanzia chini, mtoto akiwa ameketi bado aone vilima vya Narok. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma nikijisemea, huyu ni wangu, huyu nimemlea mimi.

Hapo ndipo hatari ilipoanzia. Nikishajivunia kitu siwezi kukaa.

Yule mzee mrefu mwenye fimbo akauliza, "Binti, hii ni shule au ni boma?" Watu wakacheka. Mama mmoja akadakia, "Migori wanajenga kwenda juu. Sisi tunalazwa chini kama maboga!" Wewe ukavuta pumzi kutafuta jibu. Pumzi moja tu. Mtu mwenye akili angekuachia hiyo pumzi. Mimi nikasimama.

"Wazee! Mama zangu! Huyu ni mtoto wangu, na mimi ndiye Onyango aliyepandisha ghorofa za Homa Bay, zile unaziona ukiwa katikati ya ziwa! Mnataka ghorofa? Mtapata ghorofa! Hata mbili, moja juu ya nyingine!"

Makofi. Yule mama wa maboga akapiga kigelegele. Nami, Mungu anisamehe, nikainama kama bwana harusi. Nilipogeuka kukutazama, ulikuwa unatoa yale mawe, moja moja, na kuikunja ramani yako.

Tukashuka Migori. Pale hotelini karibu na steji, chai imeshawekwa mezani, mimi ndiye nilianza.

"Walipiga makofi. Umeona walivyopiga makofi?"

"Nimeona, Baba."

"Sasa mbona uso huo?"

"Wewe umesema ndiyo ukaondoka. Mimi ndiye nitarudi kuwaambia hapana." Kisha ukanisukumia mandazi yako. "Safari ijayo usije."

Nikayala. Nilikuwa na njaa, na pia sikujua nifanye nini kingine na huu mdomo.

Nimeinuka kidogo. Nilikwenda kuangalia kama bati la jikoni limelegea. Halijalegea. Nimerudi.

Sasa nikukumbushe kitu unachokijua kuliko mimi. Watu wote kutoka hapa mpaka ng'ambo ya daraja wanaijua hadithi ya paa langu. Kwamba upepo wa ziwa ulinyanyua paa la darasa nililojenga, likapaa kama mwewe mpaka kisiwa cha Mfangano, wavuvi wa kule wakalitumia kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani, na kwamba mpaka leo halijapata kutu kwa sababu ya jinsi nilivyopiga misumari. Nimeihadithia kwenye harusi na kwenye matanga. Nimemhadithia hata askari aliyekuwa ananikamata kwa kosa la baiskeli, akasahau kunikamata. Na mara nyingi wewe ulikuwepo, ukigawa soda, na hujawahi kunikatiza.

Lakini ni kwa nini paa lilipaa? Hapo hakuna anayeniuliza, na mimi sijawahi kuanzia hapo.

Nilikuwa nimetoka Homa Bay kwenye kazi ya mjengo, na futi ya kupimia nimeininginiza kiunoni, hata kanisani. Baba yako, kaka yangu mkubwa, alikuwa ametuacha wewe ukiwa bado unatambaa, na tangu hapo neno "baba" nililivaa mimi, wakati mwingine kama koti linalonizidi mabega. Nilitaka watu waone kwamba linanitosha. Wazazi wakaniita niwajengee madarasa mawili. Wao walitaka yakae bondeni, nyuma ya ule ua wa ojuok, minyaa iliyosongamana, mahali ambapo upepo unapita juu ya kichwa cha mtu. Nikakataa. Bondeni nani angeyaona?

Nikawapa sababu ya kimila, ili wasibishe. Nikawaambia, kwetu nyumba kubwa ya dala, yaani boma la mtu, hutazama lango. Mwenye dala akiketi mlangoni pake anaona nani anaingia na nani anatoka. Na lango la Rusinga ni nini? Ni ziwa! Basi shule nikaipandisha kileleni, milango na madirisha yote yakatazama maji, juu mabati ya kung'aa, ili kila mwenye mtumbwi aulize, "Nani amejenga pale?"

Dani yako, mama yangu, alipanda na bakora yake, akasimama, akatazama muda mrefu.

"Onyango, mwenye hii dala ni nani?"

"Si dala, Mama. Ni shule."

"Nami naona hivyo. Shule si dala ya mtu. Mtoto hatoki ziwani, anatoka kule nyuma, kwao. Mbona umempa mgongo?"

Nikamjibu kwamba ujenzi wa kisasa hauelewi. Nilimjibu hivyo mama yangu mzazi, futi ikining'inia kiunoni.

Wewe ulisoma mle, kwa hiyo huhitaji kuambiwa. Mchana jua lilikuwa linainama na kuingia lote ndani, mkasoma mmekunja macho kama watu wanaoonja limau. Sami walijaa kwenye uji. Mvua ikinyesha mwalimu alikuwa anaandika tu ubaoni, sauti yake haifiki dawati la pili. Na kila asubuhi mlifika kwa mgongo wa jengo, mkazunguka ukuta mzima kutafuta mlango, kama wageni waliokuja kuomba chumvi.

Halafu ule upepo. Paa halikufika Mfangano, Atieno. Lilianguka kwenye mtama wa jirani yetu, karibu kiasi kwamba mtu akisimama pale angeweza kurusha jiwe likaingia darasani. Wewe ulikuwa humo darasani, chini ya dawati na wenzako, mwalimu amejilaza juu yenu na mikono ameitandaza. Hakuumia mtu. Nilifika mbio, viatu nimeviacha njiani. Ukatoka na vumbi la chaki kwenye nywele, ukatazama juu pale paa lilipokuwa, ukaniuliza, "Baba, kwa nini hukulifunga?"

Nililifunga. Misumari ilikuwa mizuri, na mpaka leo sitakubali mtu aseme vingine. Nililiweka tu mahali pasipofungika.

Ile sehemu ya chini ya dawati haimo kwenye hadithi yangu. Imo kwenye ramani zako. Nimezitazama ukiwa umelala, zote. Kabla ya kuchora ukuta, unachora kwanza ule mshale mwekundu wa upepo. Homa Bay sikuona fundi akichora upepo. Nami nilipouona ule mshale kwenye karatasi ya Ogwedhi, nilijua ulikotoka, na bado nikasimama nikawaahidi ghorofa. Ndiyo maana siku hizi nikikaa kiti kinanichoma.

Nyar Gwassi ameniuliza naandika nini. Nimemwambia ni barua ya chama cha wavuvi. Ameniambia chama cha wavuvi hakijawahi kumtoa mtu machozi. Ni moshi tu wa jikoni, upepo umegeuka.

Leo mchana, ulipokwenda Mbita kutafuta betri za tochi, nilimpigia simu yule mzee mrefu, Mzee Chacha, mwenyekiti wa kamati. Namba yake ninayo tangu siku ya makofi, maana nilimpa yangu aniite siku ya kumwaga zege ya juu.

"Nani huyo?"

"Ni Onyango, Mzee. Wa Rusinga."

"Onyango wa ghorofa!" Nyuma yake ng'ombe walikuwa wanalia na watu wakibishana bei. "Umeshaleta ngazi?"

"Mzee, naomba utoke kwenye kelele kidogo."

"Kelele ni ng'ombe wangu. Sema, nao wasikie."

"Ile ghorofa ya Homa Bay. Sikuipandisha mimi. Nilikuwa nabeba zege kwa karai."

Akacheka, lakini si kwa ubaya. "Kwani kubeba si kazi? Ungesema tu ulibeba."

"Na mtoto wangu hakuahidi ghorofa. Niliahidi mimi."

"Hilo tuliliona, Onyango. Tuna macho. Alikunja karatasi yake kama mtu anayefunika chakula ambacho wageni wamekataa."

"Basi mtamsikiliza?"

Hapo sauti yake ikabadilika. "Wewe una mtoto aliyesoma, sijui kama utanielewa. Kila kitu kikija huku kwetu kinakuja kifupi. Barabara inakatikia njiani. Mwalimu anakaa muhula mmoja anaomba uhamisho. Sasa hata nyumba ije fupi? Watu wa sokoni wakipita wataona nini? Wataona boma, watasema hawa ni walewale."

"Wataona ng'ombe wao wakipita katikati ya shule bila kupigwa mawe."

"Hayo ni maneno yako au ya binti?"

"Ya binti."

"Basi mwachie ayaseme mwenyewe. Na wewe unakuja?"

Nikanyamaza. Mimi, Onyango, nikanyamaza mpaka akaita "Haloo? Haloo?" akidhani mtandao umekatika.

"Siji," nikasema.

"Haya. Tutaona Jumamosi." Akakata.

Hakuahidi kitu. Nisikuongezee. Hakusema watakubali, na kwa sauti ile sijui kama nimekusaidia au nimeharibu mara ya pili. Ndiyo maana tangu mchana sikai mahali pamoja.

Lakini kuna jambo moja naweza kukuambia, na hapa usinidharau, kwa sababu hapa ndipo elimu yangu ilipo. Ujenzi umenishinda. Majivuno nimeyasomea mpaka chuo kikuu. Wale watu hawataki ghorofa, Atieno. Wanataka kuonekana. Naijua hiyo njaa, ndiyo iliyonipandisha kileleni na bati la kung'aa. Ukisimama Jumamosi ukawafundisha ubaya wa ghorofa, mambo ya jua na upepo na ng'ombe, utawashinda kwa hoja, kisha watampigia simu yule wa kofia nyeupe. Mtu mwenye njaa ya kuonekana, ukimwambia jengo la chini ni zuri, anasikia unamwambia ajifiche. Dani alinieleza ukweli wote siku ile na sikusikia hata neno moja, kwa sababu hakuna aliyeniuliza kwanza nilikuwa namjengea nani aone.

Kwa hiyo waulize. Mnataka nani aione hii shule? Akiwa amesimama wapi? Watakuonyesha kwa fimbo, mzee huyu hapa, mama wa maboga pale. Tembea nao mpaka hapo waliponyooshea, usimame utazame. Labda kuna kitu ramani yako haijakiona. Labda hakuna. Baada ya hapo kalamu ni yako.

Mimi nilikuwa na wazo langu la hapo. Nililichora chini ya karatasi hii, ndicho hicho kitu unachoona nimekifuta kwa wino. Ukiinua karatasi kwenye mwanga bado kinaonekana kidogo, kina ngazi na mnara. Usiinue.

Sasa kuhusu yule jogoo mwekundu.

Unajua kwetu mwana wa kiume akitoka kwenda kufungua dala yake mpya, baba yake humtangulia njiani, na jogoo hubebwa. Binti hatanguliwi hivyo. Binti huolewa, basi. Mimi nikasema hiyo ya zamani nitaivunja, binti yangu anakwenda kusimamisha kitu kikubwa kuliko dala, nitamtangulia mpaka Ogwedhi, watu wa Narok waone. Nikamnunua jogoo, nikamfunga mguu nyuma ya jiko, nikalifua lile koti. Ulikuwa umeshaniambia nisije. Nikajiambia mtoto akisema usije anataka umbembeleze. Kila asubuhi umekuwa ukimpita yule jogoo na kumwangalia kwa jicho la vita, nami nikijifanya namnenepesha kwa Krismasi.

Tangu ile simu maneno ya dani yamenikaa sikioni. Shule si dala ya mtu. Si yangu, si ya Mzee Chacha. Mwanangu, hata yako haitakuwa. Utaweka paa, watoto wataingia kwa mlango unaowatazama, na hawatajua jina lako. Nikajiuliza, sasa huyo baba wa kutangulia anatangulia kwenda kwenye dala ya nani?

Naona umeacha kupiga pasi. Labda unakunja ile ramani kwa mara nyingine. Na huenda umegundua jogoo hajawika jioni hii. Hakukimbia. Yuko kwenye sufuria, Nyar Gwassi anamkoroga. Koti nimelirudisha sandukuni.

Naisukuma barua hii chini ya mlango wako sasa hivi, uisome kabla hatujaitwa mezani. Utakuta firigisi kwenye sahani yako. Najua firigisi ni ya mwenye nyumba, na tangu nioe haijawahi kulala kwenye sahani nyingine isipokuwa yangu. Usiniulize mbele ya mama yako mdogo, kwa sababu ukiuliza nitaanza kueleza, na nikieleza yule jogoo atakuwa mbuni. Wewe kula tu.

Ni mimi baba yako,
Onyango, mbeba zege wa Homa Bay